Namna ya Kuchunguza Asili, Maana na Umaarufu wa Jina la Kigeni: Mfano wa Jina la Kiayalandi Saoirse

Siku ya sita tangu mpwa wangu ajifungue huko Shela, kisiwani Lamu, bibi yake aliniita barazani, akanikalisha karibu naye, akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Ina hili maana yake ni nini," alisema, "na limetoka wapi?" Baba wa mtoto ni mtu wa Ayalandi, na yeye na mkewe walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba binti yao ataitwa Saoirse. Akika ilikuwa kesho yake. Bibi hakuwa na nia ya kulipinga jina hilo. Alitaka kulijua, kwa sababu kwetu Lamu hata kanga hainunuliwi kabla ya kusomwa jina lake, sembuse mtoto ambaye atalibeba jina alilopewa mpaka siku ya kurudi kwa Mola wake.

Usiku ule nilikesha nikitafuta, na baadaye nikaendelea kutafuta kwa miezi kadhaa, kwani jina lenyewe lilinivuta. Nilichojifunza ni kwamba wengi wetu tunapoliuliza jina la kigeni huchanganya maswali matatu tukadhani ni moja. Neno limetoka katika mzizi gani, hilo ni swali la lugha. Neno hilo lilianza lini kutumiwa kama jina la mtu, hilo ni swali la historia, na majibu ya maswali haya mawili yanaweza kupishana kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ni watoto wangapi wanaopewa jina hilo siku hizi, hilo ni swali la hesabu, na jibu lake linapatikana katika ofisi za takwimu tu. Katika mwongozo huu nitalifuata jina Saoirse kutoka swali la kwanza hadi la tatu, na msomaji aliye na jina jingine la Kiayalandi mkononi, liwe Niamh, Aoife au Caoimhe, ataweza kupita njia hiyo hiyo.

Lisikie jina kabla ya kulisoma

Usianze na maandishi. Mtu wa pwani aliyezoea tahajia ya Kiswahili, ambayo kila herufi husomwa kama ilivyo, akilitazama jina Saoirse atasema "Sa-o-i-r-se", na mwenye jina hatageuka. Mtafute kwanza mtu anayelitamka jina hilo kwao, na kama hayupo, fungua katika intaneti kamusi ya Kiayalandi iitwayo teanglann, ambayo ina sauti za wasomaji wa lahaja tatu kuu, yaani za Ulster, Connacht na Munster. Sikiliza zote tatu. Utakuta kwamba matamshi hayalingani kila mahali: wapo wasemao "Siirsha", kwa irabu ndefu ya i, na wapo wasemao kitu kilicho karibu na "Sersha". Mtu wa Lamu hapaswi kushangazwa na jambo hili, kwa kuwa yeye mwenyewe husema mui na ndia, na jamaa yake wa Unguja husema mji na njia, na wote wawili ni Waswahili.

Ukishalisikia, ndipo urudi kwenye maandishi uone jinsi yanavyofanya kazi, kwa kuwa tahajia ya Kiayalandi ina kanuni, na kanuni zenyewe si nyingi. Irabu zimegawanywa katika makundi mawili. A, o na u huitwa irabu pana, na e na i huitwa irabu nyembamba. Konsonanti inapokaa katikati ya neno, irabu zilizo pande zake mbili hutakiwa ziwe za kundi moja, na watoto wa shule hufundishwa kanuni hiyo kwa maneno machache: nyembamba na nyembamba, pana na pana. Herufi s iliyo jirani na irabu pana husomwa s, na iliyo jirani na irabu nyembamba husomwa sh. Sasa litazame jina tena. S ya kwanza imefuatwa na a, kwa hiyo inabaki s. Herufi tatu za aoi kwa pamoja hutoa sauti moja tu, i iliyovutwa. S ya pili iko upande wa e, na nyuma yake kuna i, kwa hiyo ni sh. E ya mwisho hutamkwa kwa udhaifu, kama a isiyotiliwa nguvu. Hakuna herufi iliyowekwa kwa pambo: ile a inayotutatiza macho ndiyo inayoilinda s ya mwanzo isigeuke kuwa sh.

Kanuni hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini Sinéad, ambalo s yake imekutana na i, linaanza kwa sauti ya sh. Ukiongeza kwamba bh na mh mara nyingi husomwa v, utaweza kulisoma Siobhán kama "Shivaan" na Niamh kama "Niiv". Mimi hujikumbusha kwamba wazee wetu waliandika tendi zao kwa herufi za Kiarabu, ambako ba moja iliweza kusimama mahali pa b, pa p au pa mb, na aliyejua lugha alisoma bila kukwama ilhali mgeni alishindwa. Tahajia inayoonekana ngumu kwa mgeni huwa ina ufunguo ulio mikononi mwa wenyewe, na adabu ya kwanza kwa jina la watu ni kuuomba ufunguo huo.

Fumbua neno kabla ya kulisifu jina

Orodha za majina ya watoto zilizojaa katika intaneti zitakuambia kwa neno moja kwamba Saoirse ni "uhuru", na hapo watu wengi huishia. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni fupi mno kwa mtu anayetaka kumweleza bibi yake. Ingia katika kamusi na ulipasue neno.

Saoirse ni nomino ya kawaida ya Kiayalandi cha leo, inayotumiwa katika magazeti na hotuba kama sisi tunavyotumia neno uhuru. Imejengwa kwa kivumishi saor, "huru", na kiambishi tamati -se kinachogeuza sifa kuwa hali. Kinyume cha saor ni daor, na kinyume cha saoirse ni daoirse, yaani utumwa. Maneno haya mawili yanakwenda pamoja kama mtu na kivuli chake, na tofauti yao ni konsonanti moja ya mwanzoni, s na d. Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati, kwa kuwa katika Kiayalandi kuna viambishi awali viwili vya kale, so- kwa jambo jema au jepesi na do- kwa jambo baya au gumu, na athari yake bado inaonekana katika jozi kama sonas na donas, heri na balaa, au saibhir na daibhir, tajiri na maskini.

Hapa tahadhari mbili zinahitajika. Ya kwanza ni kwamba neno moja la kamusi linaweza kuwa na maana kadhaa, na si zote zinazohusu jina. Saor katika soko la leo la Ayalandi pia humaanisha "rahisi", kwa bei, na daor humaanisha "ghali". Lakini hakuna mzazi anayemwita binti yake kwa kufikiria bei. Vilevile kuna nomino nyingine inayoandikwa saor yenye maana ya fundi, na kutoka kwayo watu hupata saor báid, fundi wa mashua. Niliposoma hilo nilifurahi sana, nikawafikiria mafundi wa Matondoni walio na tezo mikononi, na karibu nimwambie bibi kwamba jina la kitukuu chake lina uhusiano na uundaji wa majahazi. Nilijizuia, kwa sababu maandishi kufanana si ushahidi wa maana kuwa moja, na jina Saoirse linatoka katika saor ya uhuru. Furaha ya mtafutaji inapomtangulia ushahidi, ndipo maana za uongo zinapozaliwa, na baadaye husambaa kwa watu wasiojua zilikoanzia.

Tahadhari ya pili ni maneno yanayokaribiana kwa sura. Saoire, bila ya s ya pili, ni sikukuu au likizo. Mtu akikuandikia jina la mtoto kwa haraka akaacha herufi moja, amekupa likizo badala ya uhuru. Mtego wa namna hiyo tunao hata upande wetu: wapo wanaodhani kwamba neno huru na hurulaini wa peponi ni neno moja, ilhali katika Kiarabu mizizi yao ni miwili tofauti, moja ni ha, ra na ra, na nyingine ni ha, wau na ra.

Rudi nyuma mpaka maana ya zamani, kisha uitafute kwenu

Ikiwa una muda wa kufanya hatua moja tu kwa kina, ifanye hii, kwa sababu ndiyo inayomwezesha mtu wa huku kulielewa jina la kule kwa moyo na si kwa tafsiri peke yake.

Kwa Kiayalandi cha zamani ipo kamusi kubwa inayosomwa bure katika intaneti, eDIL, ambayo imekusanya maneno ya maandiko ya takriban mwaka 700 hadi 1700. Humo saor linaonekana katika sura yake ya kale, sóer, na daor katika sura ya dóer. Sheria za kale za Ayalandi, ambazo ziliandikwa katika karne ya 7 na ya 8, ziliwagawanya watu kwa maneno haya haya. Sóer alikuwa mtu aliye huru, mwenye hadhi na haki za kusikilizwa. Dóer alikuwa asiye huru, aliye chini ya mwingine. Kwa hiyo neno hilo halikubeba uhuru kwa maana ya kufunguliwa mlango tu. Lilibeba pia utukufu wa nasaba, heshima, na mwenendo uliotarajiwa kwa mtu wa daraja hiyo.

Nilipofika hapo nilijua kwamba tafsiri ya "uhuru" haikutosha, na kwamba Kiswahili cha Lamu kina neno lililo karibu zaidi na ile maana ya zamani: uungwana. Mwungwana wa mji huu alikuwa nani? Alikuwa mtu huru, asiyemilikiwa na mtu. Alikuwa pia mtu wa nasaba, mwenye nyumba ya mawe huko Mkomani, mwenye adabu ya kusema na ya kunyamaza. Na kama ilivyokuwa kwa sóer, mwungwana alijulikana kwa kutofautishwa na mtumwa. Hatuwezi kuitaja heshima ya neno hili tukaificha nusu yake ya pili. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na zamani zile hata majina yaliweza kuonyesha daraja la mtu, kwani mtumwa hakujichagulia jina bali aliitwa alivyopenda aliyemmiliki. Leo tunasema kwamba mwungwana ni kitendo, na methali hiyo imelitoa neno katika damu ikalitia katika matendo. Waayalandi nao walilitoa neno lao katika daraja la watu wachache wakalifanya kuwa tumaini la nchi nzima, na hilo ndilo linalotupeleka katika swali la pili.

Bibi nilimweleza hivi: kwamba jina la mtoto ni uhuru, na ndani ya uhuru huo kuna uungwana. Aliitikia kwa kichwa, akaniomba nirudie.

Neno la kale, jina changa

Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote ni kusema kwamba Saoirse ni "jina la kale la Kiayalandi". Neno ni la kale. Jina ni changa: lilianza kutumiwa kuwaita watoto katika miaka ya 1920, na sababu yake iko wazi kwa anayeijua historia ya nchi hiyo. Maasi ya Pasaka yalitokea Dublin Aprili 1916. Vita vya kudai uhuru kutoka kwa Uingereza vilipiganwa kuanzia 1919 hadi 1921. Mkataba ulitiwa saini Desemba 1921, na mwaka mmoja baadaye dola mpya ikaundwa, ambayo jina lake rasmi kwa Kiayalandi lilikuwa Saorstát Éireann, Dola Huru ya Ayalandi. Litazame jina hilo la dola: mwanzoni mwake kuna saor ile ile. Neno lililokuwa limejaa midomoni mwa watu na katika nyaraka za serikali likashuka mpaka kwenye susu za watoto.

Sisi hatuhitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu tumelishuhudia jambo hilo kwetu. Neno uhuru, ambalo mzizi wake ni wa Kiarabu, lilikuwepo katika Kiswahili muda mrefu kabla ya mtu yeyote kufikiria kumwita mwanawe hivyo; zilipopamba moto harakati za kudai uhuru, likageuka kuwa jina. Aliyekuwa Rais wa nne wa Kenya, Uhuru Kenyatta, alizaliwa Oktoba 1961, miezi michache baada ya baba yake kutoka kizuizini na miaka miwili kabla ya bendera kupandishwa tarehe 12 Desemba 1963. Uhuru na Saoirse ni majina mawili ya maana moja, yaliyozaliwa kwa sababu moja, katika nchi mbili zilizotawaliwa na dola moja. Tofauti iliyopo ni kwamba kwetu limekwenda zaidi kwa wavulana na kwao ni jina la wasichana. Nomino saoirse kwa sarufi ya Kiayalandi ni ya kike, ilhali nomino zetu hazina kike wala kiume.

Ili kuupima umri wa jina lolote la Kiayalandi, uliza kwanza kama linatajwa katika hadithi za kale au miongoni mwa watakatifu. Niamh linatajwa: ndiye binti wa nchi ya ujana wa milele katika hadithi za shujaa Oisín. Deirdre na Gráinne yanatajwa. Brigid ni jina la mtakatifu mkubwa wa kike wa nchi hiyo, ambaye siku yake ni tarehe 1 Februari na ambaye tangu mwaka 2023 amewekewa siku ya mapumziko ya kitaifa. Saoirse halimo katika orodha hizo, na kutokuwemo kwake kunakubaliana na historia niliyoieleza.

Hatua inayofuata ni kumbukumbu za serikali. Uandikishaji wa vizazi vyote Ayalandi ulianza mwaka 1864, na fomu za sensa za 1901 na 1911 zinasomwa bila malipo katika tovuti ya hifadhi ya nyaraka ya taifa hilo. Lakini usizisome kwa pupa. Katika enzi hizo makarani waliandika kwa Kiingereza, na mtu aliyeitwa Bríd nyumbani akaandikwa Bridget, na Máire akawa Mary. Jina likikosekana katika daftari haimaanishi kwamba halikutamkwa jikoni. Sisi tunazo Fatma, Fatuma na Fatima za mtu mmoja katika vyeti vitatu, kila karani na kalamu yake, basi tunaelewa.

Nimelitaja jina Máire, na siwezi kulipita bila kusema neno, ingawa liko kando kidogo ya njia yetu. Waayalandi wa zamani walipotaka kuwaita binti zao kwa jina la mama yake Yesu, hawakutumia sura ile ile. Muire liliachiwa Mariamu mwenyewe, na binadamu wa kawaida akaitwa Máire. Heshima kwa jina, iliyofikia kiasi cha kubadilisha irabu ili mtoto asilingane na mtukufu, ni jambo ambalo wazee wetu wangelipenda.

Kusoma takwimu bila kudanganyika

Umaarufu wa jina haupimwi kwa kusikia watu wakilitaja. Ayalandi ina ofisi kuu ya takwimu, CSO, ambayo kila mwaka hutoa orodha ya majina ya watoto waliosajiliwa, na katika tovuti yake unaweza kuandika jina na kuona mwendo wake tangu mwaka 1964. Marekani orodha hutolewa na mamlaka ya hifadhi ya jamii, na kumbukumbu zake zinarudi mpaka 1880. Ayalandi Kaskazini, Scotland, na Uingereza pamoja na Wales zina ofisi zao tofauti, na kila moja huhesabu peke yake.

Unapozifungua orodha hizo, tofautisha nafasi na idadi. Ayalandi ni nchi ndogo. Mwaka 2023 walizaliwa huko watoto wapatao 54,000 kwa jumla, wavulana kwa wasichana, ilhali Marekani walizaliwa zaidi ya milioni tatu na nusu. Jina linaloshika nafasi ya juu Ayalandi linaweza kuwa na mamia machache tu ya watoto kwa mwaka. Wazazi wa siku hizi pia hutawanyika katika majina mengi kuliko wa zamani, kwa hiyo jina kuwa la kwanza leo hakumaanishi kwamba limejaa kila darasa. Zingatia vilevile kwamba majina ya watoto wachache mno hayachapishwi, ili kulinda siri za familia: Ayalandi hukata yaliyo chini ya watoto watatu, na Marekani yaliyo chini ya watano. Usilione jina halimo ukasema halipo.

Saoirse kwa miaka mingi sasa limekaa miongoni mwa majina yanayopendwa ya wasichana nchini Ayalandi, bila ya kuwa la kwanza. Mwaka 2021 la kwanza lilikuwa Fiadh, ambalo nalo ni la Kiayalandi na lina maana inayohusu mambo ya porini na paa, na mwaka 2023 lilikuwa Grace. Kwamba Fiadh na Saoirse yamepanda katika kizazi hiki yananionyesha kwamba wazazi wa huko wanarudi kwenye maneno ya lugha yao, lugha ambayo wengi wao hawaizungumzi nyumbani kila siku, na jambo hilo linanigusa mimi ninayewasikia watoto wa mtaa wa Langoni hapa Lamu wakiacha maneno ya Kiamu, lahaja yetu, moja baada ya jingine.

Nje ya Ayalandi jina limesafiri zaidi kwa sababu ya mtu mmoja, mwigizaji Saoirse Ronan, aliyezaliwa New York mwaka 1994 kwa wazazi wa Kiayalandi na kulelewa Ayalandi, ambaye ameteuliwa mara nne kuwania tuzo ya Oscar. Nchini Marekani Saoirse liliingia katika orodha ya majina 1,000 ya juu mwaka 2016, baada ya yeye kuteuliwa kwa mara ya pili. Kufuatana huko kwa wakati kunaeleweka, lakini mchunguzi mwangalifu husema kwamba mambo hayo mawili yalifuatana, na hawezi kusema kwamba kila mzazi alikuwa ametoka sinema.

Kumbuka pia kwamba jina linapovuka bahari huandikwa upya. Wapo Marekani wanaoandika Searsha au Sersha ili walimu wasikwame, na kila tahajia huhesabiwa kama jina lake pekee. Ukitaka idadi ya kweli, tafuta tahajia zote ujumlishe. Na katika majina yenye alama ndefu juu ya irabu, kama Sinéad na Róisín, tafuta yenye alama na yasiyo nayo. Saoirse halina alama hiyo, na anayeliwekea amekosea.

Jambo moja la mwisho kuhusu umaarufu haliko katika jedwali lolote. Neno hili limetumiwa sana katika siasa, na katika Ayalandi Kaskazini, sehemu iliyobaki chini ya Uingereza baada ya kugawanywa kwa kisiwa mwaka 1921, wapo watu wanaolisikia kama tamko la upande mmoja. Hilo halimzuii mtu kumwita mwanawe hivyo. Lakini anayepewa jina ana haki ya kujua litasikikaje katika kila mji ambao huenda akaishi.

Kulikaribisha jina nyumbani

Sasa turudi Shela. Ukishayajua yote haya, kuna mambo machache ya kutimiza kabla ya jina kukaa. Mwulize shekhe mnayemwamini kama maana yake inafaa; nilimweleza wa kwetu kwamba ni uhuru, akasema jina lenye maana njema halikataliwi kwa kuwa la lugha nyingine. Familia ikitaka jina la pili la huku, Huriya ni la Kiarabu na lina maana ile ile, na mtoto atakuwa na jina moja katika lugha mbili. Wengine wataona bora kumpa jina la bibi yake mzaa baba au mzaa mama kama ilivyo desturi, na kuliacha Saoirse la kwanza.

Andika herufi saba, S, a, o, i, r, s, e, kwa herufi kubwa zinazosomeka, katika karatasi ya kumkabidhi msajili wa vizazi, na usikubali kulitaja kwa mdomo tu. Hakikisha kadi ya chanjo, cheti cha kuzaliwa na, baadaye, daftari la chuoni yanalingana, maana kosa la herufi moja katika cheti hula siku nyingi za kwenda na kurudi. Karani wa ofisi moja aliwahi kunirudishia cheti cha mtoto wa ndugu yangu kikiwa na jina ambalo hakuna aliyelitaja, na tulihangaika nalo mwaka mzima.

Katika kutamka, tatizo la ulimi wetu ni r inayofuatwa na sh bila irabu katikati. Usiiangushe r, kwa kuwa jina litabaki karibu na shisha, na watoto wenzake watalishika hilo hilo. Afadhali kutia irabu nyepesi, "Sirisha", kama tunavyofanya kwa maneno mengi ya wageni, na mtoto akikua ataamua mwenyewe jinsi anavyotaka kuitwa.

Bibi alilifanyia mazoezi jina hilo usiku ule wa kuamkia akika, polepole, akiwa na tasbihi mkononi. Asubuhi alipomchukua mtoto alimwita Mwana Sirisha, kwa kumtangulizia mwana kama wanavyoheshimiwa wanawake wa kwetu, na baba yake aliyekuwa amesimama mlangoni akaomba aambiwe maana ya neno hilo la mbele, kisha akatoa daftari akaliandika.